Ujamaa, Waraka, Majimbo au Nyayo: itikadi gani uipeleke kwenye mdahalo?

Wiki mbili kabla ya mdahalo wa muhula, wanafunzi hunifuata hadi Mkunguni, hapa mjini Lamu. Hunikuta barazani mbele ya ngome na kikombe cha kahawa tungu, nikitazama bao la wazee wasiotaka ushauri wa mtu. Swali lao ni lile lile kila mwaka: "Maalim, tumeambiwa tuchague itikadi moja ya siasa na kiongozi wake, tuieleze kwa dakika kumi na tano. Tuchague ipi?"

Huanza kwa kutaja ukomunisti wa Urusi na ubepari wa Marekani, nami huwarudisha nyumbani. Stalin hakuacha kitu katika mitaa yetu ya Langoni wala Mkomani ambacho unaweza kumwonyesha msikilizaji kwa kidole. Hubaki nne ambazo watu wazima wa Lamu waliziishi au walizisikia redioni zikiwa bado za moto: Ujamaa wa Julius Nyerere, Ujamaa wa Kiafrika wa Kenya ulioandikwa katika Waraka wa serikali Nambari 10 wa 1965, Majimbo ya Ronald Ngala, na Nyayo ya Daniel arap Moi. Nimechoka kuzieleza moja moja huku kete zikigongwa sikioni, basi nimeziandika.

Vipimo vyangu

Kila moja nitaipima kwa mambo matano. Kauli yake inasemekaje kwa maneno machache? Kiongozi wake alikuwa mtu gani, na ana kisa gani kitakachomwamsha aliyesinzia nyuma ya ukumbi? Nini kilitendeka, kizuri na kibaya? Hapa Lamu iliacha nini? Na mwisho, inamfaa mzungumzaji wa namna gani?

Kuna swali moja la kupita nalo kote: pesa ziende wapi, na nani aamue. Itikadi zote nne zinahubiri umoja, utu na maendeleo. Ukisimama kwenye maneno hayo hutazitofautisha, kama usivyoweza kuyajua majahazi mawili yaliyokunja tanga. Subiri upepo wa pesa uvume.

Ujamaa wa Nyerere

*Kauli.* Watu waishi kama jamaa moja, njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma, na nchi ijitegemee. Maandishi yake makuu ni Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967; kesho yake serikali ikaanza kutaifisha mabenki. Sehemu ambayo wanafunzi huiruka ndiyo yenye utamu, nayo ni masharti ya uongozi. Kiongozi wa TANU, chama kilichotawala, au wa serikali asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Soma orodha hiyo polepole mbele ya hadhira ya Kenya. Vicheko vitakuja vyenyewe.

*Kiongozi.* Hapa mali ni tele. Nyerere, mzaliwa wa Butiama mwaka 1922, alikuwa mwalimu kweli kabla ya "Mwalimu" kuwa cheo cha heshima. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, na Januari 1962 yeye akajiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama. Alirudi mwishoni mwa mwaka huo akiwa rais. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa posho ndogo, wakailaumu serikali kwa mishahara minono. Akawafukuza karibu 400, kisha papo hapo akakata mshahara wake mwenyewe na wa wakubwa wenzake kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio lake.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha lugha. Alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, na ile ya mfanyabiashara wa Venisi akaiita Mabepari wa Venisi. Angeweza kuandika "mfanyabiashara", au "tajiri" kama tusemavyo huku pwani. Akachagua "mabepari", miaka miwili baada ya Azimio, na msomaji akajua mtafsiri amesimama upande gani kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.

*Kilichotendeka.* Kwa upande mmoja, shule zilifika vijijini, watu wazima walijifunza kusoma na kuandika kwa mamilioni, na nchi ya makabila zaidi ya 120 ikapata lugha moja ya kuongea bila kuona haya. Kwa upande mwingine, vijiji vya ujamaa vilianza kwa hiari vikaishia kwa amri. Mwaka 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni lazima, mamilioni wakahamishwa, na kuna waliobomolewa au kuchomewa nyumba ili wasipate pa kurudi. Ukame, bei ya mafuta, kisha vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikaumaliza uchumi uliokuwa tayari umechoka. Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985, na mwaka 1991, kule Zanzibar, chama chake chenyewe kikayalegeza yale masharti ya uongozi.

*Hapa Lamu.* Shamba la ujamaa halikulimwa huku. Ulitufikia kwa redio ya Dar es Salaam, na kwa ugomvi wa majirani: Watanzania wakisema Kenya ni nchi ya mtu kumla mtu, na sisi tukijibu kwamba kwao mtu hana hata cha kula. Mpaka ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa tena 1983.

*Inamfaa nani.* Anayejua kusimulia na anayeipenda lugha. Inahitaji pia moyo wa kuyasema mabaya ya mtu unayempenda. Kila mwaka napata mwanafunzi anayemsifu Nyerere mpaka dakika ya kumi na nne, na swali moja la vijiji likamwangusha.

Waraka Nambari 10 wa 1965

*Kauli.* Usidanganywe na jina. Nao unajiita Ujamaa wa Kiafrika, lakini mali ya mtu binafsi inalindwa, mwekezaji wa nje anakaribishwa, na serikali inapanga na kusimamia badala ya kunyang'anya. Kiini chake ni uchumi wote ukue haraka kwanza, kisha matunda yatasambaa. Aya ya 133 inasema waziwazi kwamba pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapoongeza mazao zaidi, na inakiri kwamba jambo hilo litazipendelea sehemu zenye ardhi nzuri, mvua, barabara, umeme, na watu walio tayari kuyapokea maendeleo. Ndiyo aya muhimu kuliko zote kwa mtu wa Lamu. Sijui kwa nini haibandikwi kwenye kuta za madarasa yetu.

*Kiongozi.* Serikali ilikuwa ya Jomo Kenyatta, ila kalamu ya Waraka ilikuwa ya Tom Mboya, waziri wa mipango ya uchumi. Mboya alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge ambako babake alikuwa mfanyakazi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ukaguzi wa afya katika baraza la jiji la Nairobi, kisha akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Akiwa na miaka 28 tu, Desemba 1958, aliongoza vikao vya mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra. Mwaka 1959 alichangisha pesa Marekani, na ndege ya kwanza ikaondoka na vijana 81 kwenda kusoma huko. Mtoto wa kibarua wa mkonge, mtetezi wa wafanyakazi, ndiye aliyekuja kuandika waraka unaomtuliza mwenye mtaji! Wapo wanaoiona hiyo ni busara, wapo wanaoiona ni kugeuka. Mdahalo mzima unaweza kukaa hapo. Aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969.

Sasa kisa cha kuwashtua wasikilizaji. Miezi michache baada ya Waraka kutoka, mchumi kijana Mkenya aliuchambua kwa ukali katika jarida moja la Afrika Mashariki. Alihoji huo ujamaa wenyewe ni upi hasa, na akasema kwa nadharia hakuna kinachoizuia serikali kutoza kodi hata ya asilimia 100 mradi wananchi wapate faida inayolingana nayo. Jina lake Barack Obama, baba yake yule wa Marekani.

*Kilichotendeka.* Kenya ilikua kwa kasi katika miaka kumi ya kwanza, na hilo si jambo la kulipuuza. Waliolalamika kwamba matunda hayasambai walijikuta pabaya. Makamu wa rais Oginga Odinga alijitoa mwaka 1966 akaunda chama cha KPU, na 1969 chama kikapigwa marufuku. Kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alisambaza mwaka 1968 kikaratasi cha kuuliza Kenya inakwenda wapi, akafungwa miaka mitatu. Mashairi aliyoyaandika gerezani yalishinda tuzo mwaka 1974. Tuzo hiyo ilikuwa na jina la nani? Jomo Kenyatta.

*Hapa Lamu.* Ushahidi wake ni wa kuukanyaga kwa mguu. Barabara kutoka Garsen hadi huku ilikaa zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru ndipo ikatiwa lami. Mwaka mmoja nilimsomea aya ya 133 mzee mmoja pale kwenye bao. Akashika kete hewani, akafikiri, akasema, "Kumbe ni mvua ilotunyima ndia!" Kwa upande wa bara, mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta huko Mpeketoni ulianza miaka ya 70 na kuleta wakulima kutoka sehemu nyingine za nchi, na mjadala wa nani alipewa ardhi na nani hakupewa haujesha mpaka leo. Ukiugusa, ugusie kwa adabu. Ndani ya ukumbi mna watoto wa pande zote.

*Inamfaa nani.* Mwenye kichwa cha hesabu, anayeweza kusoma maandishi makavu na kuyageuza kuwa barabara, shule na zahanati. Vituko vyake si vingi kama vya Nyerere, lakini atakayekupinga itabidi awe ameusoma.

Majimbo ya Ngala

*Kauli.* Madaraka yasirundikwe mahali pamoja. Kila jimbo liwe na bunge lake, lisimamie ardhi yake na shule zake, ili makabila madogo yasimezwe na makubwa. Katiba ya 1963 ilitupa majimbo saba na eneo la Nairobi.

*Kiongozi.* Ronald Ngala ni wa huku kwetu pwani, Mgiriama wa Kilifi, aliyezaliwa 1923. Alisoma Alliance na Makerere, akawa mwalimu. (Katika watu wetu wanne, ni Mboya peke yake ambaye hakushika chaki. Sijui hilo linasema nini juu ya kazi yetu.) Ajabu yake kubwa ni ya mwaka 1961. Katika uchaguzi chama cha KANU kilipata viti 19 na KADU, chama cha Ngala, 11, lakini KANU ikakataa kuunda serikali mpaka Kenyatta aachiwe kutoka kizuizini. Basi walioshindwa ndio walioingia serikalini, na Ngala akawa kiongozi wa shughuli za serikali. Ajabu nyingine ni marafiki: chama kilichosema kinatetea makabila madogo kiliungwa mkono na baadhi ya walowezi wa Kizungu, nao wakiwa kabila dogo kuliko yote, lenye mashamba makubwa kuliko yote. Hilo KANU hawakuacha kulitaja.

*Kilichotendeka.* Ukitafuta matokeo ya majimbo, muda ni mfupi mno. Serikali ya KANU iliingia madarakani Juni 1963 ikiwa haina hamu nayo, pesa za majimbo zikabanwa, na Novemba 1964 KADU ikajivunja na wabunge wake wakavuka kwenda KANU. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri na majimbo yakazikwa. Ngala alifariki siku ya Krismasi mwaka 1972, akiwa waziri, kutokana na ajali ya barabarani. Lakini mbegu haikuoza. Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, ikaamuru zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na ikaweka pia mfuko wa usawazishaji kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Ukiiweka hiyo kando ya aya ya 133 utaona vitu viwili vinavyotazamana.

Ila chunga: ugatuzi wa leo si majimbo ya Ngala kwa jina jipya. Kaunti ni nyingi na ndogo, na sehemu kubwa ya pesa bado inatoka Nairobi. Mpinzani wako akilijua hilo wewe ukiwa hulijui, jioni yako imeharibika.

*Hapa Lamu.* Hapa ndipo penye utajiri. Mji huu ulijitawala kabla Kenya haijazaliwa, chini ya baraza la wazee lililoitwa Yumbe, na makundi mawili, Zena na Suudi, yakipokezana zamu. Halafu kuna Mwambao, ambayo sikuipa sehemu yake kwa sababu ilikuwa dai la nchi zaidi ya kuwa itikadi. Ukanda wa maili kumi, pamoja na visiwa vyetu, kwa mkataba wa 1895 ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar ukisimamiwa na Waingereza, na wapo waliotaka ubaki mbali na Kenya. Mambo yalimalizwa Oktoba 1963 kwa makubaliano ya Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, na mahakama za Kadhi zikahakikishiwa nafasi yake. Ndizo hizo hizo zilizomo kwenye katiba hadi leo. Ukitaja Majimbo Lamu bila Mwambao, mzee mmoja atanyanyua mkono, na hataushusha.

Upande wa pili nao usemwe. Makao ya jimbo la Pwani yangekuwa Mombasa, na kwa Mwamu Mombasa nayo ni mbali. Hata sasa, mtu wa Kiunga au Faza akiitazama kaunti yetu, namba 5, anauliza kama madaraka yaliyoshuka kutoka Nairobi hayakuishia kwenye gati ya mjini.

*Inamfaa nani.* Anayetaka hadhira ichemke, na aliye tayari kuhoji wazee kabla ya siku yenyewe. Haimfai mtu wa hasira.

Nyayo ya Moi

*Kauli.* Amani, upendo na umoja. Basi. Wengi wa wazazi wenu waliiimba wakiwa wamenyoosha mstari. Neno lenyewe lilitokana na ahadi ya Moi, alipochukua urais Agosti 1978, ya kufuata nyayo za Kenyatta.

*Kiongozi.* Mwalimu mwingine, na ajabu yake imekwisha kujibainisha ukisoma sehemu iliyotangulia: mwenyekiti wa KADU, chama cha kugawa madaraka, alikuwa Moi huyu huyu, ambaye baadaye alitawala miaka 24 akiyakusanya. Mwaka 1984 aliwataka mawaziri na viongozi waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye, kama yeye mwenyewe alivyouimba wa Kenyatta. Alikiamuru chuo kikuu kiunde gari la Kenya. Likaonyeshwa mwaka 1990 kwa jina la Nyayo Pioneer, ila halikuingia sokoni.

*Kilichotendeka.* Shule ziliongezeka. Kifungu cha 2A cha katiba kiliifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria mwaka 1982, kikafutwa Desemba 1991. Katikati yake pana watu waliotiwa kizuizini na kuteswa, na hayo usiyapitie kwa mzaha.

*Hapa Lamu.* Maziwa. Mpango wa maziwa ya shule ulianza 1979, na mimi niliyanywa, katika pakiti ya pembe tatu iliyovuka bahari kutoka Mokowe. Siku nyingine yalifika yamekwisha kuganda, nasi tukayanywa hivyo hivyo kwa sukari. Muulize mtu yeyote aliyepita miaka arubaini na tano, uso utamlainika kabla hujamaliza swali. Huo ndio mtego wa itikadi hii. Ni vigumu kumhukumu mtu aliyekunywesha maziwa.

*Inamfaa nani.* Kundi lisilo na muda wa kusoma sana lakini lenye wazazi na mashangazi wa kuhoji. Ugumu wake ni kwamba kauli yenyewe ni nyepesi. Hakuna anayeipinga amani, basi itabidi ujenge hoja kwa matendo tu.

Kwa hali yako

Kama mna wiki moja na hamna vitabu, chukueni Nyayo, mkahoji watu kumi waliokunywa maziwa na angalau mmoja aliyeogopa kusema. Kama msemaji wenu ni hodari wa kisa na sauti, Ujamaa utambeba, mradi dakika tano ziwe za vijiji. Kama mna mwanafunzi mkimya anayependa takwimu na ambaye hajawahi kupewa nafasi, mpeni Waraka. Nimeona watoto wa namna hiyo wakinyamazisha ukumbi kwa aya moja.

Majimbo ni kwa kundi litakalokubali kugawana kazi: mmoja Ngala, mmoja Mwambao, mmoja kaunti ya leo. Kama waamuzi wanatoka bara, anzeni kwa kueleza maili kumi ni nini, maana wengi hawajui. Kama waamuzi ni wa hapa hapa, msiwaeleze.

Na kama mmepangiwa kubishana kundi kwa kundi, jozi nzuri kwa maoni yangu ni Waraka dhidi ya Majimbo, kwa sababu zote mbili zinajibu lile swali la pesa na hazijibu sawa. Ujamaa dhidi ya Waraka pia inafaa. Ila mkubaliane mapema nani ataliita lake "ujamaa", tusije tukasikiliza nusu saa watu wawili wakitetea neno moja.

Nakala yangu ya Waraka naazima. Aya ya 133 nimeitilia alama kwa kalamu nyekundu. Irudi ikiwa kavu. Ya mwaka jana ilianguka kwenye mashua ya Shela, na mpaka leo kurasa zake zina chumvi.